Hesabu ya umeme ianzie kwenye boda ya Kisugu

Kisugu, katika Divisheni ya Makindye jijini Kampala, ni mtaa wa mteremko. Juu yake kipo kilima cha Muyenga, chenye nyumba za mageti makubwa na magari mawili matatu uani. Chini yake ipo Namuwongo, ambako vyumba vya kupanga vimesongamana hadi kando ya reli. Kabalagala, mtaa usiolala, uko jirani. Kati ya juu na chini, usafiri wa wengi ni boda boda. Ndiyo inayompandisha muuguzi zamu ya usiku, ndiyo inayomwahisha mtoto shule, ndiyo inayomfikishia mama wa genge matoke yake kabla jua halijachomoza.

Siku hizi pikipiki za umeme zinaonekana miongoni mwa zile za petroli kwenye steji za Kampala, na swali linaloulizwa ni moja: je, kuna faida yoyote ya kifedha katika kuacha petroli? Swali hili huulizwa kana kwamba jibu lake ni moja kwa kila chombo. Mteremko wa Kisugu unatufundisha vingine. Boda inayotembea kutwa na gari la Muyenga linalolala uani ni hesabu mbili tofauti. Kwa boda, umeme unalipa leo, ila kwa sharti moja nitakalolieleza. Kwa gari la mtu binafsi, mara nyingi bado.

Daftari la siku moja

Mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari la mwendesha boda mmoja, tukimkadiria kilomita 100 kwa siku. Pikipiki ndogo ya petroli, kama vile Bajaj Boxer inayotumiwa na wengi mjini, hula takriban lita 2.5 kwa umbali huo, na zaidi ikiwa imechoka au barabara zimefunga. Bei ya petroli Kampala katika miaka ya karibuni imezunguka kwenye shilingi 5,000 za Uganda kwa lita. Hapo shilingi 12,500 zimekwisha ondoka, yaani shilingi 125 kwa kila kilomita, kabla ya oili ya injini, plagi na kazi ya fundi.

Pikipiki ya umeme ya ukubwa huohuo hutumia karibu yuniti nne za umeme (kilowati-saa) kwa kilomita 100. Tukiongeza kinachopotea wakati wa kuchaji, tuseme yuniti nne na nusu. Mteja wa nyumbani amekuwa akilipa zaidi kidogo ya shilingi 750 kwa yuniti, na ukiongeza kodi ya VAT ya asilimia 18 unakaribia shilingi 900. Jumla ni kama shilingi 4,050. Hiyo ni theluthi ya gharama ya petroli.

Tofauti hii haitokani na ruzuku wala upendeleo. Inatoka hasa ndani ya mashine yenyewe. Lita moja ya petroli imebeba nishati ya karibu yuniti tisa za umeme, lakini injini ndogo hugeuza takriban robo tu ya nishati hiyo kuwa mwendo. Iliyobaki inakuwa joto, moshi na kelele, na mwendesha boda ameilipia yote. Mota ya umeme hugeuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kuwa mwendo. Ikisimama kwenye foleni ya Kabalagala haili kitu, na kwenye mlima wa Tank Hill, Muyenga, hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haina oili ya injini ya kumwaga, haina klachi, haina plagi.

Kama hesabu ingeishia hapo, hakuna ambaye angebaki na petroli. Haiishii hapo.

Tanki lenye thamani ya pikipiki

Tanki la petroli ni bati lililopigwa rangi. Tanki la umeme ni betri, na betri ni sehemu ghali kuliko zote katika pikipiki ya umeme. Ni kweli bei zimeshuka sana. Shirika la utafiti la BloombergNEF lilikadiria kwamba mwaka 2024 wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulikuwa dola 115 kwa kila yuniti moja ya uwezo, wakati mwaka 2010 ulikuwa zaidi ya dola 1,000. Lakini huo ni wastani unaobebwa na viwanda vikubwa vya magari vya China. Betri ndogo ya pikipiki, ikishasafirishwa hadi Kampala, haipatikani kwa bei hiyo.

Tukadirie dola 200 kwa yuniti. Betri za kutosha yuniti nne za siku zitagharimu dola 800, karibu shilingi milioni tatu za Uganda. Betri za lithiamu za aina ya LFP zinaweza kujazwa na kutumika mara 1,500 na zaidi kabla hazijachoka. Gawanya shilingi milioni tatu kwa siku 1,500: kila siku ya kazi inakula shilingi 2,000 za betri. Weka juu yake kodi ya kituo, mshahara wa wahudumu, betri za akiba zinazosubiri wateja, na riba ya mkopo ulionunulia vyote hivyo. Tukiziwekea gharama hizo shilingi 2,500, jumla ya siku inafika kama shilingi 8,500.

Kwa hiyo faida halisi haifiki theluthi mbili ya gharama, kama watangazaji wanavyopenda kusema. Ni kama shilingi 4,000 kwa siku, pamoja na oili na matengenezo yaliyoepukwa. Kwa siku 300 za kazi, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Kwa kijana anayepanga chumba Namuwongo, fedha hizo ni karo ya mtoto, au mwanzo wa akiba ya kununua pikipiki yake mwenyewe. Ni faida ya kweli, ila ni nyembamba kiasi kwamba mkataba mbaya unaweza kuimeza yote.

Nani anamiliki betri?

Hapa ndipo sharti langu linapoingia. Mwendesha boda hana milioni tatu za betri mfukoni, na wengi hawana hata soketi ya kuchajia mahali wanapolala. Kampuni zimejibu kwa vituo vya kubadilishia betri. Unaingia na betri iliyoisha, unatoka na iliyojaa kwa dakika chache, unalipia nishati uliyotumia. Zembo ilianza kazi hiyo Uganda mwaka 2018. Bodawerk, ambayo sasa inaitwa GOGO, imekuwa ikiunganisha betri na pikipiki hapahapa Kampala. Mwaka 2023 Spiro nayo ilitangaza makubaliano na serikali ya Uganda ya kuleta pikipiki 140,000 za umeme katika miaka mitano.

Mpango huu una busara. Unamtua dereva mzigo wa mtaji. Unamwondolea hofu ya betri kuchakaa, kwa kuwa betri si yake. Unapunguza hata makali ya kukatika kwa umeme, maana kituo chenye betri 30 zilizojaa kinaweza kuhudumia wateja saa kadhaa gizani.

Lakini unahamisha nguvu. Pikipiki ya petroli huongezewa mafuta kituo chochote, na kituo kikipandisha bei, cha pili kiko mita 300 mbele. Betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine. Kampuni ikipandisha bei, ikipunguza vituo au ikifunga biashara, dereva anabaki na fremu na magurudumu mawili. Zaidi ya hayo, betri za kisasa zinaweza kuzimwa kwa mtandao na mwenye nazo, kwa sababu zozote zilizoandikwa kwenye mkataba ambao dereva alisaini akiwa na haraka ya kupata chombo.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza kwa anayetaka kuhama lisiwe bei ya pikipiki. Liwe hili: nikitembea kilomita 100, nitakulipa shilingi ngapi, na nani anaweza kuibadilisha bei hiyo? Kampuni inayotoza kwa kila betri iliyobadilishwa, bila kueleza betri hiyo ina yuniti ngapi na itafika kilomita ngapi kwenye milima ya Kampala, inamuuzia dereva giza. Jibu likikaribia shilingi 125 kwa kilomita, umeme umeshapoteza maana kwake, hata kama umebaki na maana kwa kampuni na kwa taifa.

Fedha zinazopita Malaba

Kwa upande wa taifa, hoja ya umeme ina nguvu zaidi. Uganda haina bahari. Kila lita inayochomwa Kisugu imenunuliwa kwa dola na kusafirishwa nchi kavu, na sehemu kubwa hupitia Mombasa, kwenye bomba la Kenya, kisha kwa malori kupitia mipaka ya Malaba na Busia. Njia hiyo ikikwaruzika, Kampala inaumia. Mapema mwaka 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya yalipofunga barabara na kung'oa reli, mafuta yaliadimika Kampala. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mipakani kupinga vipimo vya UVIKO-19 na ada yake, bei ilipaa ghafla, na kuna mahali lita ilifika shilingi 10,000. Tangu Julai 2024 kampuni ya taifa ya mafuta, UNOC, ndiyo inayoagiza mafuta kwa kushirikiana na kampuni ya Vitol. Hatua hiyo ilibadilisha mnunuzi. Haikubadilisha umbali kutoka baharini.

Linganisha na umeme. Mto Nile umekuwa ukizalisha umeme Jinja tangu bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954. Bujagali yenye megawati 250 ilifuata mwaka 2012, Isimba yenye megawati 183 mwaka 2019, na Karuma yenye megawati 600 ikazinduliwa Septemba 2024. Uwezo wa nchi sasa umepita megawati 2,000, wakati mahitaji ya ndani hata saa za jioni, watu wanapowasha taa na kupika, ni karibu nusu yake. Usiku wa manane mahitaji hushuka zaidi, na mitambo hiyo inabaki na nafasi.

Isimba na Karuma zilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Mkopo hulipwa, umeme utumike usitumike. Kila yuniti inayouzwa kwa pikipiki saa nane za usiku inasaidia kulipa deni ambalo vinginevyo lingelipwa na kodi ya wananchi, au na bei ya juu kwa wateja wengine wote. Sijui hoja nyingine ya kiuchumi iliyo wazi kuliko hii: tunaagiza kwa dola nishati ambayo hatuna, huku tukiiacha ipite bure ile tuliyokwisha kuikopea.

Wapo wanaojibu kwamba Uganda ina mafuta yake. Ni kweli. Yalithibitishwa mwaka 2006 katika bonde la Ziwa Albert, na bomba la EACOP lenye kilomita 1,443 limepangwa kuyafikisha Chongoleani, Tanga. Upo pia mpango wa kiwanda cha kusafisha mafuta Hoima, cha mapipa 60,000 kwa siku, pamoja na kampuni ya Alpha MBM ya Umoja wa Falme za Kiarabu. Lakini pipa la mafuta lina bei ya dunia, liwe limetoka Hoima au Ghuba. Kila pipa lisilochomwa kwenye foleni za Kampala ni pipa linaloweza kuuzwa nje kwa dola. Nchi yenye mafuta haina hasara kuendesha boda zake kwa maji ya Nile.

Gari la Muyenga lisubiri

Tupande sasa juu ya mlima. Gari dogo la Kijapani linalotembea kilomita 30 kwa siku, kazini na kurudi, hutumia kama lita tatu: shilingi 15,000. Gari la umeme lingetumia yuniti sita, shilingi 5,400. Akiba ni shilingi 9,600 kwa siku, au milioni 2.4 kwa siku 250 za kazi. Kama gari la umeme limemzidi mwenzake bei kwa shilingi milioni 10, mwenye gari atarudisha fedha yake baada ya miaka minne na zaidi kidogo. Kama tofauti ni milioni 40, atahitaji zaidi ya miaka 16. Uganda hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe, kwa hiyo tunajua jinsi sheria yenyewe inavyokadiria uhai wa gari.

Kuna wanaotazama magari ya umeme yaliyotumika kutoka Japani, hasa Nissan Leaf, kwa kuwa bei yake imeshuka. Waangalie betri kabla ya rangi. Leaf za awali hazikuwa na mfumo wa kupooza betri kwa kimiminika, na nyingi zimepoteza sehemu ya uwezo wake. Kwa mtu mwenye soketi uani, mita yake ya umeme ya Yaka na safari fupi za mjini, gari kama hilo linaweza kufaa. Kwa anayekwenda kijijini Mbarara au Gulu kila mwezi, bado.

Kwa mabasi, jibu linarudi kuwa ndiyo, kwa sababu ileile ya boda: yanatembea kutwa. Uganda ilianza mapema. Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari lake la Kiira EV mwaka 2011, na Kiira Motors, iliyozaliwa kutokana na kazi hiyo, ikaonyesha basi la Kayoola linalosaidiwa na jua mwaka 2016. Sasa ina kiwanda Jinja. Kilichokosekana muda mrefu ni namna ya kulipia. Nairobi, kampuni ya BasiGo imempunguzia mwenye matatu mzigo wa mwanzo kwa kuitenga bei ya betri na bei ya basi, kisha kutoza kwa kila kilomita. Wenye kamunye, yaani basi ndogo za abiria za Kampala, wanastahili mpango wa namna hiyo.

Watakaopoteza

Mabadiliko yoyote yana watakaoumia, na makala isiyowataja inamdanganya msomaji. Wa kwanza ni Hazina. Tangu Julai 2024 ushuru wa petroli ni shilingi 1,550 kwa lita. Boda inayohama inaipunguzia serikali karibu shilingi 3,900 kila siku ya kazi. VAT ya umeme inarudisha sehemu ndogo tu. Serikali isijifanye haioni, ikaja kushtuka baadaye na kuwatwika waendesha boda kodi mpya kwa ghafla. Ipange sasa na iseme mapema.

Wa pili ni mafundi wa kando ya barabara. Mota isiyo na oili wala plagi inawanyima kazi ya kila wiki. Wanahitaji mafunzo ya mota, nyaya na betri, na wanahitaji kampuni ziwauzie vipuri badala ya kufungia kila kitu kwenye karakana zao.

Wa tatu ni mtandao wa kusambaza umeme. Kuwa na megawati Karuma hakumsaidii mtu ikiwa transfoma ya mtaa imezidiwa. Kampuni ya serikali ya UEDCL, iliyopokea usambazaji kutoka kampuni ya Umeme tarehe 1 Aprili 2025, ndiyo itakayoamua kama umeme wa Nile unafika kwenye betri ya Kisugu au unaishia kwenye takwimu.

Na kuna faida ambayo haiingii kwenye daftari la dereva, ingawa inaingia kifuani mwake. Vipimo vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere uliowahi kufunga vifaa vyake hata kwenye boda, vinaonyesha hewa ya Kampala yenye vumbi laini mara kadhaa zaidi ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Si vumbi lote linalotoka kwenye vyombo vya moto. Mkaa, takataka zinazochomwa na barabara za udongo zina sehemu yake. Lakini anayekaa juu ya pikipiki saa 12 kwa siku ndiye anayevuta moshi wa magari kuliko yeyote.

Nini kifanyike

Nchi nyingine za kanda hazikungoja. Ethiopia, yenye umeme mwingi wa maji na dola chache, ilizuia kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024. Rwanda iliamua kuwa tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Kenya iliweka mwaka 2023 bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri, yenye nafuu kubwa usiku.

Uganda haihitaji kupiga marufuku. Inahitaji kulinda ile faida ya shilingi 4,000. Kwanza, kila kituo cha kubadilishia betri kibandike bei kwa yuniti, kama kituo cha mafuta kinavyobandika bei kwa lita. Pili, serikali iweke viwango vya betri ili chombo cha kampuni moja kiweze kutumia kituo cha nyingine. Tatu, mikataba iandikwe kwa lugha ambayo dereva anaielewa, na betri isizimwe bila taarifa. Nne, nafuu ya umeme wa usiku imfikie dereva, isiishie kwa mwenye kituo.

Kwako wewe uliye kwenye steji ya Kisugu leo: chukua karatasi, andika kilomita zako na mafuta yako ya wiki nzima, kisha nenda nayo kwa kampuni ya umeme na udai bei yake kwa kilomita moja. Ikikupa namba iliyo chini ya yako na kuiandika kwenye mkataba, hama. Ikikupa maneno matupu, baki na petroli yako mpaka ikupe namba.